Muto Uliolala Chini ya Nizi

Weka kikombe chini kwanza. Nikifika katikati utashituka, chai itakumwagikia kwenye magoti, kisha utasema ni mimi. Haya. Hii kitu ninayokueleza haikumufikia rafiki ya rafiki yangu. Ilinifikia mimi, na miguu hii unayoiona, na shahidi ni Faustin, naye anakaa hapa hapa mutaa wa Lumumba, njia ya nyuma, karibu na kisima. Kama unaniona muongo, nenda umuulize. Atakueleza vilevile, isipokuwa atajitia ushujaa mwingi kuliko ule aliokuwa nao, maana Faustin ni Faustin.

Unauliza mbona nimeikumbuka leo? Ni sababu ya radio. Hukusikia walichosema? Eti kule mwisho wa dunia, upande wa kusini kabisa, kuna nchi nzima ya barafu, barafu nene kupita kilima chochote cha huku, na chini yake mito ya zamani imelala. Mabonde yake, kingo zake, vilima vyake, vyote vimebaki vile vilivyokuwa kabla barafu haijavifunika. Watu wote kwenye malewa, pale tunapokula muchana, waliacha kula, wakaanza kuulizana inawezekana namna gani. Mimi niliendelea kula sombe yangu. Nilijiuliza swali moja tu: kama wale wataalamu wamekwenda kuangalia nani anakaa kule.

Siye watu wa machimbo tunajua. Nizi, kule tulikokuwa tunachimba, nayo iko na muto wake wa chini. Haukufunikwa na barafu, ulifunikwa na kilima. Unachimba udongo mwekundu, unashuka, unashuka, halafu sululu inagonga mawe ya duara, laini, yaliyochanganyika na muchanga. Mawe ya duara yanatoka wapi tumboni mwa kilima? Ni maji yaliyoyasugua. Muto ulipita pale zamani, kabla ya babu wa babu zetu, na dhahabu iko ndani ya mawe yale. Ukishika tochi vizuri utaona hata njia maji yalikokwenda, sababu mawe bapa yameegemeana kama sahani ulizoosha ukazipanga zikauke, na vichwa vyake vyote vimelalia upande wa chini. Hicho ndicho kitu cha kwanza muchimbaji anafundishwa. Cha pili, anafundishwa kwenda kinyume: fuata muto kule ulikotoka, maana dhahabu nyingi iko huko.

Miaka ile vita ilikuwa imekwisha, lakini imekwisha ya mudomo. Bunduki zilinyamaza, hazikurudishwa zote. Masoko yalifunguka, maharagi ya Kpandroma yalianza tena kushuka kwa malori, na muchana ulicheka na mutu njiani, kisha magaribi ukamufungia mulango. Mwenye shimo letu, tunayemuita PDG, alikuwa na mupango wake. Kila timu ilipaswa kuwa na watu wa pande zote mbili. Alisema watu wanaovuta kamba moja hawatakatana. Majina ya hizo pande sitakutajia. Unazijua, na kama huzijui, bora ukae hivyo hivyo.

Ndiyo namna mimi na Faustin tulivyowekwa pamoja. Yeye wa upande ule, mimi wa upande huu. Yeye alichimba mbele, mimi nilifuata nyuma nikisimamisha miti ya kushikilia dari. Tulisalimiana, tuligawana mihogo, tulichekeana, lakini mambo ya vita hatukuyagusa. Kila mumoja alijua mwenzake amezika watu, na nani aliwaua.

Na sasa usikie sheria ya shimo, sababu bila hiyo hutaelewa upumbavu wangu. Mwanamuke haingii shimoni. Hata mudomo wa shimo haukaribii. Kulikuwa na kamba imefungwa kwenye vijiti, na wamama waliotupikia waliweka sufuria upande wao wa kamba, sisi tunazichukua. Tuliambiwa dhahabu inawakimbia. Na ikitokea umemuona mwanamuke kule chini, kwa macho au kwa ndoto, usimuamkie. Mupe mugongo, nenda zako kimya. Wachimbaji wote walishika hiyo, Wakristo na Waislamu, na mimi niliishika kupita wote. Nilikuwa mutu wa sheria, niamini.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida baada ya mvua nyingi. Tulishuka, Faustin akaanza kazi, mimi nikawa ninapima muti wa kukata. Nilisikia kwanza miti yangu ikilia. Muti ukilia hivyo unajua. Nilimuita Faustin, akageuka, na kilima kikashuka nyuma yetu, pale tulipopitia. Vumbi lilijaa kinywani, masikio yakaziba. Nilipopata kuona tena, njia yetu ilikuwa ukuta, na Faustin alikuwa amelala, mawe yamekula muguu wake mumoja mupaka kwenye goti.

Nilimutoa. Sitaki kukueleza vile muguu ulikuwa. Nilivua shati, nikaufunga na vipande viwili vya muti, naye alikuwa akinitukana kwa lugha zote anazozijua. Halafu matusi yakaisha. Akanishika mukono.

"Nikifa humu," alisema, "waambie ni mawe. Waapie."

Nikamujibu, "Nani ataniamini?"

Umeshaelewa? Kule juu kila mutu alijua nani ameshuka na nani. Na mwenye kazi ya kushikilia dari alikuwa mimi. Nikitoka muzima na Faustin maiti, ndugu zake watasema nimemuua kwa kuacha muti mumoja bila kuusimamisha. Watakuja usiku na moto. Na wetu hawatakaa wakiwaangalia, watajibu, na wale watajibu jibu, mupaka Bunia itasikia. Ile amani yote, ndugu yangu, asubuhi ile ilikuwa imelala kwenye muguu wa Faustin. Nilijua wazi kama ni lazima atoke akiwa anapumua, na ni lazima nitoke naye.

Kilima kilipoanguka kilikuwa kimefungua tundu upande wa kushoto. Nilichungulia, nikaona njia ndefu ya zamani, ya wakati wa Wazungu, miti yake imeoza imebaki unga. Ilikuwa imechimbwa kufuata muto uleule, inapanda upande mumoja na kushuka upande mwingine. Nilimubeba Faustin mugongoni, nikamufunga na kamba kama wamama wanavyofunga watoto, tukaingia. Nikapapasa ukuta. Mawe bapa yalinionyesha vizuri: maji yalitoka kule, yakaenda huku. Nikachagua kule yalikotoka. Muchimbaji yeyote angechagua hivyo. Ni mukono ulioamua, akili haikuulizwa.

Tulitembea, tukainama, tukatambaa. Hewa ilikuwa inakuwa nzito, na mimi, kichwa kigumu, nilisema tu tusonge mbele. Halafu tochi yangu ya kichwa ikafifia, ikafa.

Na giza halikuja.

Nilisimama. Niliona kwanza miguu yangu, iko ndani ya maji. Kisha nikaona ukingo, manyasi marefu yameinama, na miti ambayo siijui, mimi niliyekata miti ya kila aina ya porini kwetu. Dari haikuwako tena. Jua pia halikuwako. Mwanga ulitoka kwenye maji yenyewe. Ng'ambo kulikuwa na wanyama wakubwa, shingo nene, wanakunywa, na hawakuinua kichwa kutuangalia. Samaki walipita katikati ya magoti yangu na nikawasikia wakinigusa. Upepo ulileta harufu ya tope mubichi. Unaona ninavyokueleza polepole? Ni sababu nilikuwa ndani ya kilima, na nilijua niko ndani ya kilima, na muto ulikuwa unapita.

Mwanamuke alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu majini, anaparua samaki kwa kijiwe chembamba. Usitegemee kwato wala macho mekundu, mambo hayo waachie watu wa filamu. Alikuwa mama mutu muzima, mabega mapana, mikono ya kazi. Aliinua macho akatuangalia vile mama yeyote wa soko anavyoangalia watu wanaopita.

Na mimi nilifanya nini? Nilimupa mugongo. Sheria ni sheria. Niligeuka, nikazunguka jiwe kubwa, nikashika tena njia ya kupanda, haraka, maji yakinivuta nyuma. Nilipoinua kichwa, alikuwa mbele yangu, juu ya jiwe lilelile, na samaki yuleyule. Nikageuka tena. Nilipiga hatua nyingi nikihesabu sala badala ya hatua, na nilipofungua macho alikuwa pale, magamba ya samaki yanateremka na maji yakija kunishika kwenye suruali.

Faustin aliamka mugongoni. Niliposikia pumzi yake inabadilika nilijua na yeye anamuona.

"Weye," alisema kwenye sikio langu, "muamkie mama ya watu. Unataka tufe sababu ya kamba ya PDG?"

Nakuapia, nilikasirika. Mutu nimemubeba, muguu umevunjika, bado ananifundisha heshima. Lakini alikuwa na haki, na nguvu zilikuwa zinaniisha. Nikageuza uso, nikasema jambo, mama. Akaitika vizuri tu. Aliitika kwa lugha gani? Mimi naapa ilikuwa ya mama yangu. Faustin anaapa ilikuwa ya mama yake. Tumegombana juu ya hiyo miaka yote, na wake zetu wamechoka kutusikia.

Aliweka samaki chini. Akamuangalia Faustin, akaniangalia mimi, akauliza:

"Huyo unayemubeba ni wa nani?"

Weye ulikuwa wapi wakati wa vita? Kama ulikuwa huku, unalijua swali hilo. Kwenye bariyeri walikuwa wanakusimamisha, kijana na bunduki kubwa kuliko yeye, na kabla ya jina lako anauliza weye ni wa nani, na huyu ni wa nani. Jibu moja unapita, jibu lingine unalala kwenye shimo la kando ya barabara, na mara nyingi hujui ni lipi, sababu hujui kijana mwenyewe ni wa nani. Kaka yangu mukubwa alijibu vibaya. Kwa Faustin walijibu vibaya watu watatu. Na hapa, chini ya dunia, kwenye muto uliokauka kabla mutu wetu yeyote hajazaliwa, wananiuliza tena.

Nilianza kupima. Huyu mama ni wa upande gani? Nikisema ni wa wale, atafanya nini? Nikisema ni wetu, kama yeye ni wa wale je? Nilisikia moyo wa Faustin unapiga kwenye mugongo wangu. Alikuwa anangoja kama mimi nilivyongoja siku ile kando ya barabara nikimuangalia kaka yangu. Halafu kitu kilikatika ndani yangu. Hofu ilikwisha, ikaja hasira, hasira nzuri, ya kumulaani mutu wa kwanza kulitunga swali hilo.

"Ni ndugu yangu, mama," nilisema. "Nikitoka bila yeye, sijatoka."

Alicheka. Si kicheko cha mashetani, hapana, alicheka kama mutu aliyechoka kungoja. Akanyoosha mukono wenye magamba ya samaki kunionyesha upande wa chini, nyuma yangu.

"Sasa mbona unamupandisha?" alisema. "Nyumbani ni kule. Fuata maji."

Niligeuka, na safari hii sikukimbia. Maji yalitusukuma. Nilikuwa nimechoka mupaka mifupa, na muto ulinishika chini ya mikono kabisa, nikaona kama Faustin alikuwa mwepesi. Na hatukuwa peke yetu. Kushoto na kulia nilisikia watu wanatembea majini, wengi, wanaongea kwa sauti ya chini, kama watu wanaorudi sokoni wakiwa wameuza vizuri. Sikuwaangalia. Faustin aliwaangalia, na hicho ndicho kitu kimoja asichonieleza mupaka leo.

Kisha maji yalishuka kwenye goti, kwenye kifundo, yakaisha. Mwanga ukaisha nao. Nilikuwa nimepiga magoti gizani, muzizi wa muti umenigonga usoni, na mbele yangu, karibu sana, nilisikia jembe.

Upande ule wa kilima, wamama wa kijiji wanachimba udongo mweupe wa kupaka nyumba. Nilianza kukwangua kwa kucha. Jembe lilipita karibu na vidole vyangu, tundu likafunguka, jua likaingia, na mama mumoja akaona mukono wangu. Yowe lake lilisikika mupaka Bunia. Walikimbia wote. Nikawasikia wamesimama mbali wanabishana kama ni muzimu, na wakati huo Faustin, sababu nilikuwa nimeugonga muguu wake, alianza tena kutukana.

"Muzimu hatukani hivyo," mama mumoja alisema. "Huyo ni mutu wa machimbo."

Wakarudi mbio na majembe. Ndugu yangu, wanawake wale tuliokuwa tunawawekea kamba ndio walituzaa siku ile mara ya pili. Walichimba mupaka kucha zikatoka damu. Walimuweka Faustin kwenye vitenge vilivyofungwa kwenye mipini ya majembe, mimi wakanishika makwapa, na tukazunguka kilima, wao wakiimba nyimbo za kanisani na vigelegele, watoto na mbuzi nyuma.

Kwenye shimo tulikuta kile nilichokiogopa. Watu wamegawanyika. Wa kwetu upande huu, wa Faustin upande ule, mapanga mukononi, na katikati PDG amepiga magoti na hakuna anayemusikiliza. Wamama hawakusimama. Walifika kwenye kamba, wakaikanyaga, wakapita nayo imeshikana na miguu yao, mupaka mudomoni mwa shimo kabisa, na hakuna mwanaume aliyefungua kinywa. Faustin akajiinua juu ya vitenge, uso mweupe wa udongo.

"Nani alisema nimekufa?" aliuliza. "Huyu amenibeba."

Sikuona mutu akitupa panga chini. Niliona watu wakiyapeleka nyuma ya mugongo, kwa haya, kama mutoto aliyeshikwa na sukari mudomoni. Halafu kaka yake Faustin alikuja, mutu mukubwa, niliyekuwa namuogopa kuliko kilima. Alinikumbatia, akalia kwa sauti, na mimi nikalia, na wamama wakapiga kelele mupaka ndege wakatoka kwenye miti. Sijawahi kushinda kitu kingine maishani mwangu, mupira wala kura, lakini siku ile nilishinda. Tulishinda wote. Walicheza pale mupaka jua lilipozama.

Kesho yake PDG na wazee wa pande zote mbili waliingia kupitia tundu la wamama, na mataa makali. Njia yote ilikuwa kavu, vumbi tupu. Lakini chini ya vumbi kulikuwa na tope la zamani lililokuwa jiwe, gumu mupaka sululu inaruka, na ndani ya jiwe, nyayo. Zangu zilikuwamo. Niliitwa kuzitambua: bote yangu ya kushoto yenye pengo kwenye kisigino, imezama sana kama ya mutu aliyebeba muzigo. Kando yake, huku na huku, nyayo za miguu mitupu, nyingi, kubwa na ndogo, zote zimeelekea upande wa chini. Nilikuwa nimepita pale jana. Jiwe lile lina umri gani, muulize mutaalamu wako wa radio.

Wazee waliapa pamoja kuacha muto ule bila kuuchimba, wakaufunga. Kamba haikurudishwa. Kwenye shimo jipya wamama wako na zamu yao, na dhahabu haijakimbia. Mimi nilihamia huku Bunia. Mupaka leo siwezi kulala chini kwenye mukeka. Sikio likigusa ardhi nasikia maji, na watu wanaongea.

Faustin muguu ulipona vibaya, akaacha kuchimba, sasa anaendesha moto, pikipiki ya kubeba watu. Siku moja mambo yaliharibika tena kidogo, weye unajua namna yanavyoharibika huku, tukakuta bariyeri kwenye barabara ya Nizi, vijana wa upande wake. Waliniangalia mimi niliyekaa nyuma. Waliuliza lile swali. Faustin hakuzima hata pikipiki. Alijibu kabla hawajalimaliza, na kwa sauti kubwa mupaka wale wa mbali wakasikia, na alivyosema ndivyo nilivyosema mimi mbele ya yule mama. Walisogeza muti, tukapita.

Basi, nakuonya, sababu nakupenda. Ukichimba kisima chako ukakuta mawe ya duara yameegemeana, ujue umeingia kwa watu, piga hodi. Ukimukuta mama anaparua samaki, muamkie, usinitazame mimi na upumbavu wangu. Na kama uko na mutu mugongoni, jibu lako liwe tayari kabla ya kuulizwa. Kule chini walinipa nafasi ya kufikiri. Hapa juu hawatakupa.